Gemu za RPG za zamani: ipi ina mapigano yasiyochosha?

"Mjomba, hizi RPG si ni kubonyeza kitufe kimoja tu mpaka adui aanguke?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo Jumapili moja nyumbani kwao Umoja, Nairobi. PS2 ya mtumba aliyoitoa maduka ya Luthuli ilikuwa mezani, kando yake diski tatu za kandanda na moja ya mbio za magari. Swali lake nililiheshimu, kwa sababu kwa RPG nyingi za zamani, yaani zile gemu ndefu za hadithi ambazo wahusika wako hukua kadiri wanavyopigana, jibu ni ndiyo. Unatembea hatua kumi, skrini inageuka, wanatokea popo watatu, unachagua kushambulia, unachagua tena, wanakufa, unatembea hatua kumi nyingine. Hadithi inaweza kuwa tamu na muziki ukakutoa machozi, lakini mikono imelala.

Sisi tuliokulia Eastlands konsoli tulizijulia kwenye kibanda cha gemu. Unalipa kwa mechi, mechi ikiisha unampisha mwenzako. Mwenye kibanda angewekaje gemu ya saa arobaini? Angefunga biashara. Kwa hivyo mtaa mzima uliijua PS2 ndani nje kwa upande wa mpira, na rafu nzima ya RPG ikatupita. Mimi nilianza kuitafuta rafu hiyo nikiwa mtu mzima, na nimecheza vya kutosha kujua zipi za kumpa mtu anayeuliza kama mpwa wangu.

Kipimo changu ni kimoja. RPG ndefu ina mapigano mamia, na mabosi, wale maadui wakubwa, ni wachache. Bosi ni siku ya harusi, na siku hiyo karibu kila gemu hupika vizuri. Mimi naangalia ugali wa Jumanne. Pambano la mara ya mia mbili, na vijiadui ambavyo umekwisha kuvipiga mara nyingi, je, bado linakudai kitu? Na linadai nini: macho, hesabu, vidole, au maandalizi? Gemu nane ninazozilinganisha nimeziweka mbili mbili, kwa sababu kila jozi inadai kitu kimoja kwa njia mbili.

Macho: Chrono Trigger au Grandia

RPG za mwanzo zilikuwa za kupokezana, wewe kisha yeye. Mwaka 1991 Final Fantasy IV ikampa kila mhusika saa yake, kipimo kinachojaa polepole: saa ikijaa anatenda, na ukizubaa adui hakungojei. Aliyebuni mtindo huo, Hiroyuki Ito, wazo lilimjia akitazama magari ya Formula 1 yakipitana kwa kasi tofauti. Chrono Trigger na Grandia ni watoto wa wazo hilo, ila kila mmoja alirithi upande wake.

Chrono Trigger ilitoka mwaka 1995 kwenye Super Nintendo, na jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba hakuna skrini ya kando ya kupigania. Maadui unawaona njiani, na mnapigana palepale mlipokutana. Mahali aliposimama mtu pana maana. Mbinu ya shujaa wako Crono ya kuzungusha upanga, Cyclone, inamkata uliyemlenga pamoja na walio karibu naye. Moto wa mwenzake Lucca unapita kwenye mstari na kuwaunguza wote waliopangana. Na maadui hawatulii, wanasogeasogea huku saa yako ikijaa. Basi hata pambano dogo kabisa lina swali: nipige sasa nimpate mmoja, au nivumilie kidogo wale wawili wakaribiane?

Juu ya hilo kuna mbinu za watu wawili na za watatu. Crono na Frog wakikata kwa pamoja kutoka pande mbili, pigo lao linazidi mapigo mawili ya kawaida, lakini ni lazima saa zote mbili zijae, kwa hiyo mmoja hukaa akimngoja mwenzake huku anapigwa. Ukifika enzi ya miaka milioni 65 kabla ya Kristo unakutana na dinosaria wenye ngozi isiyopenyeka mpaka uwapige kwa umeme kwanza, halafu kinga yao inashuka na wengine wanamalizia kwa silaha. Gemu haikuhutubii kuhusu hayo. Unayaona mwenyewe.

Upungufu wake ni kwamba ni laini. Ukishazoea, kuanzia katikati maadui wa kawaida hawakutishi tena. Kinachoiokoa ni ufupi wake: saa ishirini na kitu, na inaisha kabla hujachoka nayo.

Grandia ya kampuni ya Game Arts (konsoli ya Saturn mwaka 1997, PS1 mwaka 1999) ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza katika orodha hii yote kama ningelazimishwa kutaja moja, kwa sababu ya mstari mmoja ulio chini ya skrini. Acha niueleze polepole.

Kwenye mstari huo kuna sura ndogo za wahusika wako na za maadui, zote zinakimbia kuelekea kulia, kila moja kwa kasi yake. Karibu na mwisho kuna alama ya COM. Sura yako ikifika hapo, dunia inasimama na unachagua utakalofanya. Kisha sura inaendelea hadi ACT, na hapo ndipo tendo linatokea. Kipande hicho kifupi kati ya COM na ACT ndicho roho ya gemu. Mtu aliye kwenye kipande hicho ameshaamua lakini bado hajatenda, na akipigwa pigo la Critical, uamuzi wake unafutwa na sura yake inarudishwa nyuma kwenye mstari. Hesabu hiyohiyo inakuhusu na wewe. Ukiita uchawi mrefu huku adui mwepesi anakuja nyuma yako, unajua umejiweka wazi.

Una chaguo mbili kubwa za kupiga. Combo inapiga mara mbili na kuumiza zaidi. Critical inaumiza kidogo lakini inakatiza. Basi fikiria vijidudu vitatu msituni, vile ambavyo gemu nyingine ungeviua usingizini. Kimoja kimevuka COM na kinajiandaa kutema uchawi, kingine kiko mbali nyuma kwenye mstari, cha tatu kimebakiza uhai kidogo. Shujaa wako Justin yuko karibu na cha kwanza, mwenzake Feena yuko karibu na cha tatu, na umbali wenyewe unahesabiwa kwa sababu lazima mtu akimbie mpaka alipo adui kabla ya kumpiga. Justin atafika kabla uchawi haujatoka? Ukikadiria vizuri unamkuta kijidudu mdomo wazi, pigo linatua, uchawi unazimika. Furaha ya kumkatiza adui dakika ya mwisho haikuniisha hata saa ya thelathini.

Isitoshe, silaha na uchawi hupanda kwa kutumiwa. Ukitumia upanga, upanga unapanda, ukitumia moto, moto unapanda. Kwa hiyo hata pambano rahisi lina sababu: leo Sue atatumia rungu, kesho upinde. Lawama yangu ni kwamba hadithi inachelewa kuondoka nyumbani, na mabosi wake wengi hawaumi inavyostahili mfumo mzuri namna hii. Grandia II ya mwaka 2000, iliyoanzia konsoli ya Dreamcast, ina mfumo uleule uliong'arishwa, lakini ni nyepesi zaidi. Ukiitaka hiyo, jiepushe na toleo lililohamishiwa PS2, picha zake zina hitilafu. Zote mbili ziko kwenye Grandia HD Collection, iliyotoka Switch mwaka 2019 na baadaye PS4 na Xbox.

Kati ya hizi mbili, mtu ambaye hajawahi kugusa RPG na ana simu tu nitampa Chrono Trigger, maana ipo kwenye Android na iPhone. Mwenye subira ya saa tano za mwanzo nitampa Grandia bila kusita.

Hesabu: Final Fantasy X au Nocturne

Hapa saa zimeondolewa. Unaweza kuweka padi chini, ukaenda kuchemsha chai, ukarudi, na adui bado anakungoja. Kwa mtu mwenye watoto au kazi inayompigia simu usiku, hilo si jambo dogo. Lakini usidhani kwamba gemu ikikungoja basi imelala.

Final Fantasy X (2001, PS2) inakuwekea upande wa kulia orodha ya zamu zijazo, zenu na za maadui, sura kwa sura. Kila unachokigusa kwenye menyu kinabadilisha orodha mbele ya macho yako kabla hujathibitisha. Kuna tendo zito linalokuchelewesha, kuna pigo linalomsukuma adui nyuma, kuna uchawi wa Haste unaokuongezea zamu. Unaona kesho yako na unaipanga upya.

Jambo la pili ni kubadilisha watu. Wanapigana watatu, lakini wote wengine wako nyuma yako, na kwa kitufe cha L1 unamtoa mmoja na kumwingiza mwingine bila kupoteza zamu. Ukiwa kisiwa cha Besaid, mapema kabisa, gemu inakufundisha somo hili kwa maadui watatu: mbwa mwepesi, ndege, na dubwana la majimaji. Shujaa wako Tidus ndiye anayemfikia mbwa. Wakka anamtungua ndege kwa mpira wake. Lulu analipasua dubwana kwa umeme, kwa sababu upanga haulifanyi kitu. Watatu, pigo moja moja, kwisha. Baadaye anaongezeka Auron wa kuvunja magamba na Rikku wa kuvuruga mashine. Na kwa kuwa pointi za kukua humwendea yule tu aliyetenda walau mara moja, unajikuta unazungusha kikosi kizima katika pambano la maadui wawili, ukitafuta njia ya kumpa kila mtu zamu yake bila kumwua adui mapema. Huo ndio ugali wa Jumanne uliopikwa kwa mapenzi.

Shin Megami Tensei III: Nocturne ya kampuni ya Atlus ni chakula cha pilipili. Ilitoka PS2 mwaka 2003 Japani, 2004 Marekani, na 2005 Ulaya kwa jina la Lucifer's Call. Ukicheza drafti ya vizibo utaielewa kwa dakika moja. Kwenye drafti ukila unaendelea kula mradi kuna cha kuliwa. Hapa pia: una watu wanne, kwa hiyo alama nne za zamu juu ya skrini. Tendo la kawaida linakula alama moja. Lakini ukimpiga adui kwa kitu anachokiogopa, barafu kwa wa moto kwa mfano, au pigo likitua kwa nguvu ya ziada, linakula nusu tu. Alama inaanza kumeta, na mtu wa pili anatumia ile nusu iliyobaki. Ukicheza kwa usahihi kamili, zamu nne zinakuwa matendo manane.

Upande wa pili wa shilingi ni mkali. Ukikosa, au ukimpiga adui kwa kitu kisichomdhuru, umepoteza alama mbili. Akikirudisha au kukimeza, umepoteza zote, na sasa ni zamu yake. Na yeye anafuata sheria zilezile! Akigundua kwamba mmoja wenu anaogopa umeme, atakufanyia kile ambacho ulikuwa unamfanyia. Shujaa wako akianguka, hata kama wenzake watatu wamesimama wazima, gemu imeisha, unarudi ulipohifadhi mara ya mwisho.

Kikosi chenyewe hukinunui dukani. Unazungumza na mapepo, unayabembeleza, unayapa pesa, mengine yanakula pesa na kutoroka. Unaoanisha mawili kupata la tatu. Kwa hiyo kila pambano la kawaida linakuuliza pia: huyu nimuue au nimwajiri?

Kuna bosi wa mapema aitwaye Matador ambaye wengi huachia hapo. Akishapeperusha kitambaa chake chekundu unakuwa humpati, na upepo wake unapukutisha kikosi kisichojiandaa. Niliangushwa naye jioni tatu mfululizo. Kuongeza nguvu hakukunisaidia. Kilichonisaidia ni kurudi nyuma, kutafuta mapepo yasiyoogopa upepo, na uchawi wa kupunguza wepesi wake. Jioni ya nne nilimwona akitupa upepo kwa pepo lisilodhurika, alama zake mbili zikazimika kwa mpigo, na nikajua huyu sasa ni wangu.

FFX inakufundisha, Nocturne inakutahini. Anza na ya kwanza isipokuwa wewe ni mtu ambaye kushindwa kunamfanya arudi usiku uleule. Kitu kimoja cha kuzingatia kuhusu FFX ya PS2: matukio ya hadithi hayarukiki, na kuna mabosi ambao ukishindwa lazima ulitazame tukio zima tena. Matoleo mapya yapo: FFX HD kwenye PS4, Switch na kompyuta, na Nocturne HD kwenye PS4, Switch na kompyuta tangu mwaka 2021.

Vidole: The Legend of Dragoon au Valkyrie Profile

Wapo wasiotaka hesabu. Wanataka kubonyeza kwa wakati wake, kama mtu anayeruka kamba. Hao wana gemu zao.

The Legend of Dragoon (PS1, diski nne, 1999 Japani na 2000 Marekani) inakupa mraba katikati ya skrini na mwingine unaozunguka ukiukaribia. Ikishikana, unabonyeza X. Ukipata, shujaa wako Dart anaongeza pigo, mraba mwingine unakuja, na mwingine. Mara kwa mara adui anajaribu kukurudishia, mraba unabadilika rangi kuwa mwekundu na unatakiwa ubonyeze duara badala ya X. Ukishika mdundo mwili unajibu wenyewe. Kwa kipimo changu lakini, mdundo ule ule ukirudiwa mara mia mbili unakuwa mazoea, na mwendo wa gemu ni wa polepole. Ninaipenda kwa saa moja moja, si kwa kukesha. Inapatikana PS4 na PS5 tangu 2023.

Valkyrie Profile ya kampuni ya tri-Ace, ya miaka hiyohiyo, ilifanya kitu ambacho sijaelewa kwa nini hakikuigwa na kila mtu. Wahusika wanne, vitufe vinne vya padi, kila mtu na kitufe chake. Zamu yenu ikifika mnaweza kupiga wote kwa pamoja, mmoja mmoja, au kwa kupishana, na ni wewe unayeamua mpangilio kwa vidole vyako. Adui amejikinga? Mpige chini kwa mmoja, juu kwa mwingine, kinga ipasuke. Mwenye upanga amemrusha hewani? Bonyeza wa mishale sasa, amshikilie hukohuko juu, halafu mwingine ampokee akishuka. Kila pigo linajaza kipimo, na kikifika 100 mtu mmoja anaachilia pigo lake kuu, ambalo nalo linajaza kipimo upya kwa ajili ya mwenzake. Kikosi kipya ni ngoma mpya, unaanza kujifunza mpigo tena. Na kwa kuwa hadithi inatoka kwa miungu ya Skandinavia, ambako Valkyrie anakusanya roho za mashujaa waliokufa kwa ajili ya vita vya mwisho vya Odin, kikosi chako kinabadilika kila mara.

Ushauri mmoja: usichague ugumu wa chini kabisa. Unafungiwa baadhi ya mapango.

Kwa mtoto wa darasa la nne au la tano, wala usimpe hizo. Mpe Super Mario RPG ya 1996, au lile toleo lililotengenezwa upya kwa Switch mwaka 2023. Bonyeza pigo linapotua, umeongeza nguvu. Bonyeza adui anapokupiga, umepunguza maumivu. Ataelewa kabla uji haujapoa.

Maandalizi: Vagrant Story au Final Fantasy XII

Jozi hii ina baba mmoja. Yasumi Matsuno aliongoza Vagrant Story (2000, PS1), na ndiye aliyeianzisha Final Fantasy XII (2006, PS2) kabla hajaondoka njiani. Yule Ito wa Formula 1 ndiye aliyebuni mapigano ya hiyo ya pili.

Katika Vagrant Story uko peke yako. Ashley Riot anaingia mji wa Leá Monde, hakuna maduka, silaha unazitoa kwa maiti na kuziunganisha mwenyewe karakanani. Ukitaka kupiga, dunia inasimama, tufe linakuzunguka kuonyesha ufikio wa silaha yako, na unachagua kiungo: kichwa, mkono, mguu, kila kimoja na asilimia yake. Pigo likitua, bonyeza kitufe papo hapo, unaongeza pigo jingine, na jingine. Lakini kila nyongeza inapandisha RISK. Ikipanda, unakosa zaidi na unaumizwa zaidi. Hiyo ndiyo sababu hata panya mmoja kwenye handaki anakuuliza swali gumu: utaacha saa ngapi? Tamaa inaua kule. Jarida la Famitsu la Japani liliipa alama 40 kwa 40, na ninaelewa kwa nini, ingawa lazima niseme kwamba silaha isiyomfaa adui inaweza kukupa sifuri juu ya sifuri, na muda mwingi unapita kwenye menyu ukibadilisha vyuma. Usiianze kabla hujacheza nyingine.

FFXII inakupeleka mbali zaidi: unaandika maagizo kabla ya vita, halafu wenzako wanayafuata. Ni kama mama anayeondoka asubuhi na kumwachia dada wa kazi maneno: mtoto akilia mpe uji, asipolia osha vyombo. Agizo la juu linasomwa kwanza. Ukiweka "mshambulie aliye karibu" juu ya "mwenzako akishuka chini ya nusu ya uhai mtibu", mtakufa mkishambulia, maana siku zote yupo wa kushambulia. Nimekaa nusu saa nikipanga mistari kumi ya mganga wangu, nikatoka, nikatazama kundi zima la mbwa mwitu likianguka bila mimi kugusa padi, na nikaona fahari ya fundi aliyeona mtambo wake ukiwaka.

Wapo wanaosema hayo si mapigano, ni kutazama. Nawaelewa. Kwa kipimo cha ugali wa Jumanne, gemu hii imehamisha kazi yote jikoni; mezani huna la kufanya mpaka jambo liharibike. Ukiwa mtu wa kufurahia jikoni, ni yako. The Zodiac Age ya mwaka 2017 ndilo toleo la kutafuta, kwa sababu ina kitufe cha kuharakisha mwendo.

Kabla hujatoa pesa

Memori kadi. Kadi halali ya PS2 ni ya MB 8. Muuzaji mmoja aliniuzia ya MB 64 kwa bei ya kutupa, nikaweka ndani yake saa thelathini za FFX, na asubuhi moja mashine ikaniambia kadi haina kitu. Nilikaa sakafuni na padi mkononi. Usirudie kosa hilo, na ukikwama na kadi ya aina hiyo, nunua mbili uhifadhi kotekote.

Runinga. Kwa gemu za vidole hili ni la maana kuliko diski yenyewe. Runinga bapa hupitisha picha kwenye mashine yake kabla ya kukuonyesha, na vile vibadilishi vya bei nafuu vya kutoka waya tatu kwenda HDMI huongeza ucheleweshaji. Nilikuwa nakosa hata pigo la kwanza la Dart kila mara, nikafikiri padi imekufa. Nilipowasha hali ya gemu kwenye mipangilio ya runinga, miraba ikaanza kushikana. Kwa Grandia, FFX na Nocturne ucheleweshaji huo hutauhisi sana.

Stima. Kwenye matoleo ya awali, hizi ni gemu za kuhifadhi mahali maalumu, si popote. Nocturne ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu kati ya kituo na kituo kuna safari. Kama mtaa wenu stima hupotea jioni, cheza kwenye kitu chenye betri, simu au Switch, au jizoeze kuhifadhi kila unapokiona kituo hata kama umetoka kukiacha.

Na eneo la diski. Runinga zetu zilikuwa za PAL, mfumo wa picha uliotumika pia Ulaya, na gemu kadhaa hapa hazikutolewa kwa PAL enzi zake: Chrono Trigger ya Super Nintendo na Valkyrie Profile ya PS1 ni miongoni mwake. Ukiona diski halisi ya Valkyrie Profile, ujue ni ya Marekani au Japani na haitakubali kwenye mashine ambayo haijaondolewa kufuli ya eneo. Toleo lake la PSP, konsoli ya mkononi, lilitolewa pia kwa PAL. FFX ya PAL ipo, ina mistari myeusi juu na chini ya picha, lakini inakuja na maadui wa ziada ambao Wamarekani wa kwanza hawakupata.

Mpwa wangu alichukua FFX, kwa kuwa mashine yake ni PS2 na diski ilipatikana. Wiki tatu baadaye nilipita Umoja kumsalimia dada. Kijana alikuwa kwenye ile barabara ndefu ya Mi'ihen, amekutana na mbwa, jicho linaloruka, na mnyama mwenye gamba. Maadui wa kawaida kabisa, ambao bila shaka alikuwa amewapiga mara nyingi wiki hiyo. Nikamuuliza shule inaendeleaje.

"Ngoja kidogo, mjomba," alisema bila kugeuka, kidole kikihesabu sura kwenye orodha ya kulia. "Nikimtoa Wakka saa hii, Auron anapata kabla ya huyu wa gamba."